Sekunde Sitini za Oscar

...na hata angekuwa halijui jibu, uso wake ungekunjamana vivi hivi, hilo ndilo lililomtisha Mikidadi, kwamba Oscar alikuwa akiigiza kufikiri vizuri kuliko watu wanavyofikiri kweli, ameshika shavu, amefumba jicho moja, midomo inacheza kama ya mtu anayehesabu kimoyomoyo, na ukumbi mzima wa chuo, wanafunzi waliojaa hadi madirishani kutazama fainali ya chemshabongo mchana huu wa Jumamosi, unamwamini, unamcheka kwa mapenzi, mmoja anapaza sauti kutoka nyuma, "Oscar, jibu basi, tukale!", mwingine anadakia, "Mwacheni, mtandao unasumbua kichwani!", na Josephina, mshika saa, anainua simu yake, "Sekunde hamsini!", hamsini, na Mikidadi, mtunga maswali na mwendesha mchezo, amesimama katikati ya jukwaa, maiki imezimwa, kadi ya mwisho iko mkononi, kadi asiyohitaji kuitazama kwa sababu ameilalia na kuiamkia majuma mawili...

Mlima naupandia, mguu mimi sinao,
Miti naifunikia, na mashamba na makao,
Jua likinijilia, naliachia kikao,
Mwenye jibu yuko wapi, anitaje mimi nani?

...ukungu, jibu ni ukungu, na Paskalia, mshindani wa pili, binti wa mwaka wa kwanza kutoka Mgeta, alilijua kabla ubeti haujafika mstari wa tatu, Mikidadi alimwona akigeuza macho dirishani, kule milima ya Uluguru ilikokuwa imejifunika mpaka kiunoni, kisha akajiuma mdomo, maana zamu si yake, zamu ni ya Oscar, na Oscar akipata ndiye mshindi, kompyuta mpakato ya zawadi ni yake, na huyu binti atarudi kuandika kazi zake za darasani kwenye simu ya dada yake yenye kioo kilichopasuka, herufi zinajificha chini ya nyufa, alimwambia hivyo mwenyewe siku ya kujiandikisha, anacheka, kama mtu anayesimulia kisa cha jirani... na yote kwa sababu gani, kwa sababu ya birika la chai, ndiyo, birika, jana alasiri ukumbi ulikuwa mtupu, Oscar, mwenzake wa chumba, anaunganisha nyaya za spika, wakati huo si mshindani, fundi tu wa kujitolea, na Mikidadi angeweza kujaribu maiki kwa moja mbili tatu kama watu wote, lakini hapana, alitaka kuzisikia beti zake zikitoka kwenye spika kubwa, vina vikigonga ukuta na kurudi, akaishikilia bahasha ya kadi za maswali juu ya mvuke wa birika hadi gundi ikalegea, bahasha ambayo Bi. Zuhura, mlezi wa wanafunzi, aliisaini mwenyewe mgongoni, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, sasa nisikilize, hii ikifunguliwa kabla haijafika jukwaani, ukumbi huu usiuombe tena, wakubwa walishanisema, eti nalea michezo," na yeye akaitikia kwa adabu zote, kisha akaenda kuchemsha maji... akasoma beti nne, nne tu kati ya thelathini, na baada ya huu wa ukungu Oscar akapiga makofi peke yake kati ya viti vitupu, "Kaka, huu utawaua!", na Mikidadi akafurahi, Mungu wangu, alivyofurahi, akazirudisha kadi, akaibana bahasha chini ya kamusi ikauke... "Sekunde thelathini!"... halafu leo asubuhi Hatibu, mshindani halisi wa bweni lao, akaamka na homa, anatetemeka, na Oscar akasema, "Nitakaa tu, kiti kisibaki wazi, raundi ya kwanza nimetoka," ila hakutoka, akapata la kwanza, la pili, la sita, kwa akili yake mwenyewe, Oscar si mjinga, na Mikidadi akijiambia ni kadi nne kati ya thelathini, zimechanganywa, haiwezekani, na kweli tatu zilibaki chini, hii moja ikapanda... sasa Oscar aseme tu "moshi", mawazo yakamponyoka, aseme "wingu", akosee makusudi, zamu ihamie kwa Paskalia, kila kitu kijinyooshe chenyewe, nani atajua, ukumbi utapona, Bi. Zuhura aliyeketi mstari wa mbele na mkoba magotini hatajua, Oscar, ndugu yangu, kosea, nitakufulia mashuka muhula mzima, akamkazia macho kumpelekea ombi hilo, na hapo ndipo alipoona kwamba Oscar naye alikuwa anamtazama, kwa lile jicho moja lililobaki wazi, tangu lini, labda tangu mwanzo, na jicho lile halikuwa la mwigizaji, lilikuwa jekundu, linauliza, nifanyeje, sema wewe... "Sekunde kumi na tano!", "Oscaaar!", kicheko, miguu inapigwa sakafuni... basi huku si kuigiza, mtu huyu yumo ndani ya shimo, na aliyemsukuma ndiye anayemwomba atoke peke yake, amdanganye Paskalia kwa kumpa kile kilicho haki yake, na akishatoka afute matope, anyamaze, na usiku wa leo walale vitanda viwili katika chumba kimoja, kila mmoja akijua, mpaka mahafali... Mikidadi alitafuta namna ya kulikiri mbele ya ukumbi lile la bahasha, akapata moja nzuri, yenye mwanzo mtulivu na mwisho wa kuomba radhi, akaitupa, kwa kuwa alijisikia akiipima itakavyovuma, akatafuta nyingine, haikuja, akamtazama Bi. Zuhura, mama wa watu, anafuta miwani kwa ncha ya mtandio, hajui bado, "Sekunde kumi!", Oscar bado ameshika shavu, Paskalia bado amejiuma mdomo, ukungu bado umekalia mlima, na kidole gumba cha Mikidadi kikapapasa ubavuni mwa maiki, kikaipata swichi, kikaisukuma, na mlio mdogo ukapita ukumbini, nyuso zote zikamgeukia, naye hakuwa na neno hata moja alilolitayarisha.