Boma la Shangazi

Kosa lilikuwa la Miwani mwenyewe, asimsingizie mtu. Nani alimtuma kumwaga siri za kazi mbele ya shangazi yake?

Kazi yake ilikuwa kukaa ofisi ya mambo ya kale, pua karibu iguse kompyuta, akichunguza picha za mashamba zilizopigwa kutoka angani. Siku hiyo walikuwa wakimenya viazi jikoni kwa shangazi, naye akaanza kujishaua. "Watu wa kale walizungushia boma lao mtaro. Mtaro ulishafukiwa, ila udongo wake bado unashika maji. Jua likikaza, mahindi yaliyo juu yake yanabaki kijani, mengine yanakauka. Ukisimama chini huoni kitu. Ukiwa juu, loo, unaliona boma zima limejichora!"

"Na serikali ikiliona?" shangazi akauliza, macho kwenye kisu.

"Hapaguswi. Hata barabara inapindishwa."

Shangazi akanyamaza. Yule mama, kunyamaza! Hapo tu Miwani angeshtuka, maana barabara mpya ilipangwa kupita katikati ya shamba la shangazi, shamba alilolilima miaka thelathini na kuapa kwamba halitoki mikononi mwake ila kwa kifo.

Miezi miwili baadaye, kiangazi kimeiva, zikaja picha mpya. Mkuu wa ofisi aliziona wa kwanza, akaruka kama aliyetekenywa. Maduara matatu ya kijani!

"Andika ripoti," akamwambia Miwani. "Jumatatu napeleka wachimbaji."

Miwani akatazama, akachekelea, kisha moyo ukamlipuka paa. Lilikuwa shamba la shangazi. Na maduara yenyewe yalikuwa mazuri kupita kiasi, mviringo kama sahani, wala hakuna hata moja lenye mlango. Waliokaa humo walikuwa wakiingia kwa kuruka?

Hakungoja hata chai. Akamkuta shangazi uani, anaanua nguo.

"Shikamoo. Shangazi, umefanya nini?"

"Marahaba. Nimefanya nini tena?"

"Maduara!"

Shangazi akajitahidi kukunja uso, kicheko kikamponyoka. Kumbe ni kigingi, kamba, mbolea ya kuku, na ndoo za maji kila asubuhi kwa wiki sita. "Mgongo huu sina tena, mwanangu. Haya, yametoka vizuri?"

"Hayana milango!"

"Si ungesema mapema? Ningeacha nafasi."

Miwani hakujua acheke au alie. Wachimbaji wakikuta mbolea ya kuku, watauliza ni shangazi wa nani, na kazi yake itakwenda na maji. Akisema ukweli, shamba ndilo litakalokwenda. Na shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Akarudi ofisini, akafungua makabati ya picha za zamani, akapekua huku akipiga chafya kwa vumbi. Alipofika kwenye picha za mwaka mmoja wa ukame, kabla shangazi hajalishika shamba lile, akapiga yowe. Hapo hapo shambani palikuwa na duara kubwa, hafifu, limepindapinda, na upande wa mashariki lina mlango. Boma la kweli kabisa!

Akaandika yote, hata kwamba mwenye shamba ni shangazi yake: yale matatu ni ya maji na mbolea ya juzi, yafutwe, hili moja ni la kale, lilindwe. Usiku huo alilala fofofo.

Wiki iliyofuata, wachimbaji walipokwisha kupima na kuukuta mtaro, Mkuu akaenda shambani na barua mkononi, Miwani nyuma yake. "Mama, barabara imepindishwa. Shamba hili hakuna atakayeligusa."

Shangazi akapiga kigelegele, akamkumbatia Mkuu hadi kofia ikamdondoka.

"Na wewe pia, mama," Mkuu akasema kwa upole, akiiokota. "Mtaro hauko chini sana, jembe litauharibu. Mahindi yaliyopo vuna. Kulima tena, basi."

Kigelegele kikakatika.

"Ni mimi!" akafoka. "Nimechora mimi! Na kuku ni wangu! Ifuteni hiyo barua!"

Mkuu akacheka mpaka akafuta machozi. "Yale matatu tulijua yana mkono wa mtu. Lakini hili la picha ya zamani?" Akageuka. "Eti Miwani, shangazi yako anaweza kuwa amechora na hili?"

Neno moja tu lingetosha. Shangazi alikuwa akimkazia macho.

"Hili, hapana," Miwani akasema.

Mkuu alipoondoka, shangazi alibaki ameshika kiuno, anatazama mahindi yake.

"Nisamehe, Shangazi."

"Umenikomesha. Barabara ningeitukana kila siku nikapata nafuu. Hawa waliokufa zamani, nitawatukanaje?"

Jumamosi walivuna wawili, polepole, kila mmoja akijifanya amechoka ili siku isiishe.