Pistoni ya Tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi nesi mstaafu alifika gereji na kigoda chake, chupa ya chai na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Kigoda alikiweka hatua mbili kutoka kwenye gari lake. Rangi haikuwa ya kucha zake. Alifunua boneti akaanza kutia kidoa kwenye kila kifaa alichoweza kukifikia, betri, plagi, mpaka mfuniko wa rejeta, ili fundi asije akamtolea kizima akamwekea kibovu.

"Mama, hata mfuniko?" fundi akauliza.

"Hasa huo. Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, mwanangu. Vitu vidogo ndivyo vinavyoota miguu."

Fundi akacheka kicheko cha mdomoni tu.

Gari lenyewe aliuziwa na fundi huyuhuyu miezi saba iliyopita, naye akaapa kwamba injini imefumuliwa na kusukwa upya. Wiki ya kwanza tu likaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya, kisha ngo, ngo, ngo, kama mtu aliye mlangoni anayejua fika kwamba wenyewe wamo ndani. Mara tatu nesi alilirudisha, na mara tatu fundi akamwaga oili na kutia nyingine nzito zaidi, mlio ukazibika siku mbili tatu. Sasa nesi alikuwa na hakika anapigwa changa la macho. Na muda wa kupigwa changa hakuwa nao. Dada yake mkubwa alikuwa akisafishwa damu hospitali mara mbili kwa juma, na zamu yake ilikuwa kesho, saa moja asubuhi. Akikosa mara moja huvimba miguu. Akikosa ya pili, hayo hayasemwi.

"Leo hatumwagi oili," akasema. "Leo tunafungua."

Fundi akawasha injini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye chuma na mpini akautia sikioni. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza, mlio uleule. Akaurudisha, akachomoa wa pili, uleule. Alipochomoa wa tatu, mlio ukakatika, halafu ukarudi kwa pupa. Akazima gari. Mlio ukaendelea.

"Si oili," nesi akasema.

"Si oili," fundi akakubali, akitazama pembeni. "Ila mama, ungeenda nyumbani kwanza ukapumzika, nikupigie simu."

"Nimepumzika. Ndiyo maana nimekuja na kigoda."

Basi fundi akaingia chini ya gari, akalegeza boliti za sampo, lile bakuli la chini linaloweka oili, akalishusha taratibu. Nesi akapiga magoti, akamulika kwa tochi.

Ndani, kwenye pistoni ya tatu, alikuwa amekaa mdogo wake fundi, yule aliyesemwa amepata kazi ng'ambo. Urefu wake ulikuwa wa kijiko cha supu. Alikuwa amepungua kama sabuni inavyopungua. Mkono mmoja ulikumbatia chuma cha pistoni, mwingine ulishika spana namba kumi.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nimechoka tu."

Nesi akamgeukia fundi. "Mama yenu si hupokea salamu zake kila mwisho wa juma?"

"Huwa namwandikia mimi," fundi akasema. "Asipate wasiwasi."

"Boliti ilikatika tukiwa tunasuka injini," mdogo mtu akaeleza. "Kaka akaniambia, shikilia kidogo, naenda kutafuta nyingine. Nikashikilia. Nikasikia sampo inafungwa."

"Nilikuta maduka yamefungwa," fundi akasema. "Na wewe mama ulikuwa umeshakuja kulichukua gari."

"Sikuwa na haraka mimi," nesi akasema. "Ningengoja."

Kwenye gari la jirani mtu alikuwa akipiga msasa mlango.

Nesi akamtoa nje kwa vidole viwili, akamlaza kwenye kitambaa safi. Akafungua mkoba wake. Akamsafisha viganja kwa pamba na spiriti, akayafunga malengelenge kwa vipande vya plasta vyembamba kama uzi. Kijana akauma meno, asilie. Nesi akamnywesha chai kwa kifuniko cha kalamu.

"Huyu asiporudi humo, gari litatembea?" akauliza.

"Hata mita kumi halifiki," fundi akasema.

"Na boliti?"

"Inaagizwa. Wiki tatu. Ikichelewa, nne."

Nesi akamtazama fundi kwa muda mrefu, akitafuta uongo, na safari hii hakuuona. Akamtazama yule mdogo.

"Mwanangu, dada yangu anatakiwa hospitali kesho."

"Nimesikia, mama. Dada husimulia njiani, namsikia vizuri. Lakini sasa mnajua kwamba nipo. Mtanifungulia?"

"Tutaona."

Akachukua kichupa chake, akamtia kidoa chekundu begani, asije akabadilishwa na mwingine. Kisha akamwinua akamrudisha mahali pake, na spana akaitoa mkononi mwake, polepole, kama anavyonyang'anywa mgonjwa kitu chenye ncha.

"Shika kwa mikono miwili," akamwambia. "Utachoka kidogo."

Fundi akafunga sampo. Boliti zote alizikaza mbele ya macho ya nesi.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, dada mtu aliingia garini na shali yake na mto wake wa mgongoni. Walikata kona mbili kabla hajasema neno.

"Limenyamaza," akasema. "Hatimaye umepata fundi."

"Wapo wawili," nesi akajibu, akaongeza gia.