Safu ya Akina Mama

Mwaka 1952 serikali ilimleta Wajir msomi wa elimu ya jamii, Bwana Whitcombe, achunguze kama mpaka wa malisho kati yetu na Waborana ulichorwa kwa haki. Nilikuwa mkalimani wake. Miaka saba ya shule ya bweni ilikuwa imenifunza kwamba hesabu pungufu ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri. Nilijivunia funzo hilo, na hata leo najivunia.

Fomu yake ilidai baba, babu, na baba zao hadi kizazi cha kumi. Wazee waliyataja majina bila kukwama. Kwa hesabu hiyo, watu wetu hawakuwa na ndugu hata mmoja magharibi ya mpaka.

Aliyepinga alikuwa Habaryar Hawo, mdogo wa mama yangu. Dada yao Shurie aliolewa na Mborana. Mpaka ulipowekwa, akabaki upande wa pili. Kwa miaka kumi na minane Hawo hakumwona. Kibali cha kuvuka alikwisha kunyimwa mara tatu.

"Umeandika wanaume tu," aliniambia kisimani, akivuta kamba ya ndoo. "Kwani ninyi mlizaliwa na ngamia?"

Nikachora safu mpya: mama, dada, binti, na walikoolewa. Mzee Olow, ndugu wa baba yangu, alicheka hadi akakohoa.

"Tulikupeleka shule, leo unahesabu wake zetu!"

"Wako nimeshamwandika, Adeer. Ana dada wawili ng'ambo ya mpaka."



Bwana Whitcombe alinigombeza kwa kuharibu fomu. Asubuhi yake nilimkuta akichora safu ileile, kwa rula, kwenye fomu zilizobaki. Kati ya kaya sitini, arobaini na moja zilikuwa na ndugu wa damu magharibi. Ripoti ikaenda Nairobi ikiomba wanawake waruhusiwe kuvuka.

Jibu lilifika baada ya miezi saba. Utafiti ulisifiwa, mpaka ulibaki, na vibali havikutolewa. Nilikwenda mwenyewe kumsomea Hawo, kwa kuwa habari ya namna hiyo haitumiwi mtu.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Shurie yumo katika karatasi zako?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina, ingawa hakujua kusoma.

"Andika na watoto wake."

"Wanaitwaje, Habaryar?"

"Wa kwanza ni Sora. Nilimbeba siku arobaini." Akatazama magharibi. "Wengine sijui. Hata idadi yao sijui."

Niliandika Sora, nikaacha nafasi wazi hadi mwisho wa ukurasa.