Dawa ya Meno Chini ya Boneti

Gari lilizima kwenye mteremko. Baba aliukumbatia mfuko wa mama aliokuwa ameupakata: gauni la kulalia, kandambili, dawa ya meno. Mama alikuwa hospitali akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, na alishawaambia wauguzi haendi kokote kabla hajamwona mumewe. Lakini daktari hangoji.

Nikafungua boneti. Humo ndani mlikuwa mnang'aa kama sahani za wageni. Nikagusa kontroli boksi, kile kisanduku kinachoamua cheche zipige wakati gani. Cha moto, hakishikiki. Nikakifungua skrubu. Chini yake, mahali nilipopaka mafuta mazito meupe, palikuwa pakavu, pamesuguliwa.

"Baba, nani kafuta hapa?"

"Mimi, jana. Niliona uchafu mweupe, nikasema mama yako asirudi nyumbani na gari chafu." Akanitazama. "Nimeharibu?"

Hasira zikanipanda, lakini si kwake. Huyu mtu alifungua injini za magari ya kampuni iliyomwajiri tangu sijazaliwa. Magari ya visanduku hivi yalipokuja, wakubwa wakajifungia darasani kuvisomea na watoto wa ndugu zao, kisha wakamwambia mikono yake imepitwa na wakati. Nawakumbuka wote, hata yule aliyecheka. Mimi nimejifunza kwa kufumua visanduku vibovu walivyotupa jalalani.

"Hujaharibu, baba. Yale mafuta yanapitisha joto liende kwenye chuma. Bila hayo kisanduku kinachemka, kinakata cheche."

"Na chenyewe kinafanya nini hasa? Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nikamwambia, huku nikikipepea kwa kandambili ya mama. "Kinaletewa habari injini imezunguka hadi wapi, na kwa kasi gani. Petroli haiungui yote papo hapo, kwa hiyo cheche inatangulia kidogo kabla pistoni haijafika juu. Injini ikikimbia, kinaiwahisha zaidi. Ikipunguza mwendo, kinairudisha nyuma."

Baba alipiga paja. "Si ndiyo kazi yangu hiyo! Nilikuwa nazungusha distribyuta kuwahisha cheche, huku nimetega sikio!"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Na wale washenzi wakasema sitaelewa." Akapangusa macho kwa mkono wa shati, akajifanya ni jasho. "Haya, mwalimu. Tunapaka nini?"

Nikautazama mfuko. Naye akautazama.

"Mama yako atanichinja," alisema, akanipa dawa ya meno.

"Nayo inapitisha joto kidogo, itatufikisha tu. Kesho napaka mafuta yenyewe."

Injini iliwaka. Njia nzima baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Tulimkuta mama koridoni, juu ya kitanda cha magurudumu, ameng'ang'ania fremu ya mlango, muuguzi anambembeleza aachie. Alipomwona baba akaachia, akamshika yeye. Kisha akapekua mfuko.

"Dawa yangu ya meno iko wapi?"

"Garini. Iko kazini."

"Kazi gani, wewe mzee?"

"Ukitoka humo nitakueleza yote, mke wangu. Sasa najua."

Mama alicheka hadi muuguzi naye akacheka. "Basi nisubiri hapahapa," alisema. "Lazima nitoke, nije nisikie huo uongo."