Ushanga wa Bomba

Kakenya ni mhandisi, mimi Hajira ni fundi wake, na kama kuna mtu hodari wa kuacha vitu ovyo, ni yeye. Nampenda, lakini kweli isemwe.

Kule kwao Kakesio bomba la maji lilikuwa linavuja chini kwa chini, nalo linapita chini ya boma la mama yake, Nanyokie. Kamati ya maji ilitupa mpaka jioni. Tukishindwa kuonyesha penye kutu iliyolitoboa, watachimba mtaro kulitafuta tundu, na nyumba ya mama, aliyoijenga kwa mikono yake, itavunjwa.

Sisi hatuchimbi. Tunabandika vipete vya kauri vilivyopakwa fedha kulizunguka bomba, pale linapotokeza juu ya ardhi. Ukivipa umeme vinatetemeka, mtetemo unakimbia ndani ya chuma, na ukikuta kutu unarudi kutuambia ni umbali gani. Asubuhi nafungua kopo la vipete: tupu!

Mara mama akatoka ndani anatabasamu, mkononi ushanga mpana wa bibi harusi, vipete vyetu vyote vimeshonwa humo vinameta. Alilikuta kopo karibu na mafiga, akajua binti yake hatimaye ameleta mapambo ya ndoa. Kamsubiri aolewe mpaka kachoka. Jamani, nilitaka kucheka, nikaona machozi yananilenga.

Kakenya akanisukuma mbele. Nikamweleza mama mimi, kwa Kiswahili changu cha dukani Karatu. Akaitazama nyumba yake. Kisha akachukua kisu, akaanza kukata nyuzi mwenyewe, taratibu, asikwaruze hata kimoja.

Tukalivisha bomba. Mtetemo ukaenda, ukarudi: kutu iko mbali na boma, karibu na birika la ng'ombe. Kamati ikabeba sururu zake ikaenda huko, na nyumba ikapona.

Mama akaligeukia bomba, linavyong'aa. "Haya," akasema, "leo nimeliozesha bomba. Wewe je?"

Swali hilo siku zote huzua ugomvi kati yao. Safari hii Kakenya aliuokota ule ushanga uliobaki mapengo matupu, akainamisha kichwa mbele ya mama yake.

"Yeyo," akamwita mama kwa Kimaasai, "nivishe hivyo hivyo."

Mama alimvisha huku analia, na mimi nikajifanya natafuta mfuniko wa kopo.