Kocha Aliyeitwa Mlimani

Morogoro ina watu wanaojua kila kitu, na wengi wao hukaa kwenye vijiwe vya kahawa karibu na soko. Hao ndio waliotangaza, hata kabla Kocha Rehani hajakusanya koni zake za mazoezi, kwamba ameuzwa. Mwingine akaapa kwamba amegombana na mwenyekiti. Mwingine alisema amemwona kwa macho yake akipanda gari la timu moja ya Dar es Salaam, na alipoulizwa gari lenyewe lilikuwa la rangi gani, akaagiza kahawa nyingine. Sababu yenyewe waliambiwa, tena na Rehani mwenyewe, lakini waliicheka. Mtu aliyeichukua Bondwa Stars inachezea kiwanja cha shule kilichojaa mbuzi, akakaa nayo miaka kumi na saba, akaipandisha mpaka Ligi Kuu, aiache mwezi mmoja kabla ya ligi kuanza kwa ajili ya migomba? Hadithi hiyo wakampelekee mtoto.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, na ilianzia kwenye arobaini ya mjomba wake.

Mjomba huyo, Mzee Mloka, alizikwa kijijini kwao juu ya Mkuyuni, mahali ambapo gari huishia chini na mtu humalizia kwa miguu kati ya mikarafuu na mashamba ya mananasi. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Mashamba ya ukoo huwa mikononi mwa mjomba, na mjomba akifa, mashamba na jina lake humwangukia mtoto wa dada yake. Marehemu hakuzaliwa Mloka. Alilipokea jina hilo kwa mjomba wake, naye kwa mjomba wake, na kila aliyelivaa alihamia mlimani na kulala mlimani. Watu humjia alfajiri na kesi zao, na hakuna aliye tayari kuambiwa kwamba Mloka yuko mjini, mrudi Ijumaa.

Rehani alikwenda kwenye arobaini hiyo akiwa na furaha aliyoshindwa kuificha hata msibani, kwa maana timu ilikuwa imepanda daraja siku chache tu nyuma. Alikula pilau, akashikwa mikono, akapigwa picha na watu waliokuwa wamekuja kulia. Baada ya dua, Bibi Semeni, mama yake mdogo, alimwita nyuma ya nyumba. Dada yake mkubwa, Mwaisha, alikuwa ameshaketi huko kwenye mkeka, ameinamisha kichwa.

"Mwanangu," alisema Bibi Semeni, "mama yako angekuwa hai angekwambia yeye. Ukoo umekaa. Jina linakutaka wewe."

Rehani alicheka. "Mama, mimi nina timu."

"Tunajua. Tunakusikia redioni."

"Ligi inaanza mwezi ujao, mama. Nimeingoja maisha yangu yote."

"Sisi hatumlazimishi mtu," alisema Bibi Semeni kwa upole wa mtu mwenye hakika. "Ukikataa, tutamvika Halidi. Wanaume wa tumbo hili mmebaki wawili tu."

Hapo Mwaisha aliinua kichwa, na macho yake Rehani hakuyasahau tena. Halidi alikuwa mwana wa pekee wa Mwaisha. Tena Halidi ndiye alikuwa winga wa kushoto wa Bondwa Stars, mwenye miaka ishirini na mmoja, na mguu ambao watu walikuwa wakifunga maduka kwenda kuutazama. Rehani alimtoa kijijini akiwa bado anapiga machungwa mabichi kwa miguu mitupu, akamweka nyumbani kwake mjini, akamfundisha mpira kama wengine wanavyofundisha watoto kusoma. Mazoezini alimkataza kumwita mjomba, wasije wakasema anapangwa kwa undugu. Kijana akazoea kumwita Kocha hata mezani, mbele ya wali na maharage.

Waliposhuka mlima jioni ile, Mwaisha alimshika kaka yake mkono. Mdogo wake, niseme, maana ndiye aliyembeba mgongoni.

"Halidi asijue kwamba ni wewe au yeye," alisema. "Unaijua roho yake. Akijua, atapanda yeye, leo hii hii, ili wewe ubaki."

"Najua, dada."

"Miguu yake, Rehani. Baada ya miaka kumi haitakuwepo."

 Usiku mzima Rehani alihesabu njia za kutoka na kila moja ilimrudisha palepale. Akikataa, kijana anapanda. Wakikataa wote wawili, kaya zote zinazolima ardhi ya ukoo zinabaki bila wa kuzigawia, na majirani walikuwa wameshaanza kupanda ndizi ndani ya mpaka wa ukoo. Bibi Semeni hakuwa amemtisha. Angemtisha, Rehani angejua namna ya kugombana naye.

Mwenyekiti wa klabu, Mikaeli, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Timu gani?"

"Hakuna timu."

"Rehani, mimi si mtoto mdogo. Timu gani?"

"Nimerithi jina, mwenyekiti. Nakwenda kukaa mlimani."

Mikaeli alimtazama, akacheka, halafu hasira ikampanda. Alisema mtu anayeiacha timu wakati kama huu asitegemee kuja kuomba hata tiketi ya kuingilia uwanjani. Rehani akamwomba jambo moja tu, kwamba kocha ajaye amtunze Halidi. Mikaeli akasema kocha ajaye atapanga timu yake, kama yeye alivyopanga yake. Neno hilo lilikuwa la haki kabisa, na ndiyo maana lilimuuma.

Halidi ndiye alikuwa mgumu zaidi. Alimkuta mjomba wake chumbani akifunga begi, akasimama mlangoni.

"Kocha, kweli unatuacha?"

"Ukoo umeniita."

"Si ungekataa?"

"Halikataliki hili."

"Bibi Semeni mwenyewe kaniambia hawamlazimishi mtu. Nimempigia simu."

Rehani alivuta zipu ya begi. Jibu lilikuwa limekaa ulimini, na kulisema kungekuwa kumpakia kijana begi lile. "Basi nimelitaka mwenyewe," alisema.

Halidi alitikisa kichwa taratibu. "Mimi ulikuwa unaniambia mchezaji hatoki uwanjani mpaka kipenga kilie." Akaondoka bila kuaga, na Rehani akakaa kitandani akalia.

Akavikwa jina. Dua ilisomwa, na mengine yakafanyika pembeni ambayo shehe, kwa busara zake, aliamua kutoyaona. Watu wakapita mmoja mmoja kumsalimu. Mwaisha naye akapita, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Mloka." Dada aliyemfuta kamasi! Rehani akaitikia marahaba kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Kazi ya Mloka si ngumu, ila haina mapumziko wala kipindi cha pili. Siku ya mechi ya kwanza aliwasha redio barazani tangu mchana. Mtangazaji alianza kusoma kikosi, na Rehani akawa anamtangulia kwa midomo: kipa, mabeki, viungo. Walipofika mbele, jina la Halidi halikuja. Kocha mpya, alieleza mtangazaji kwa furaha, anacheza mfumo usio na mawinga.

Rehani alisimama. Halafu akaketi, kwa sababu asimame aende wapi? Barazani walikuwa wamekwisha kufika kina mama wawili. Mpilipili manga wa mmoja ulikuwa umepanda mti wa mwenzake ukazaa huko juu, na walitaka kujua pilipili ni za nani. Mloka aliamua wagawane. Mmoja akauliza wagawane vipi, na wakati huohuo uwanja wa Jamhuri ukapiga kelele redioni. Bondwa Stars wamefungwa bao, tena kutokea upande wa kushoto, ambako hakukuwa na mtu wa kumkimbiza beki wa wapinzani arudi nyuma. Rehani aliuona upenyo ule kana kwamba yuko pale. Msimu uliopita angenyanyuka, angepiga mluzi mmoja, na kijana angeingia.

"Mloka, tunagawana vipi?" aliuliza tena yule mama.

Mechi zikapita hivyo. Halidi aliingizwa mara moja dakika za mwisho, mara nyingine hakutajwa kabisa. Rehani alipanda mpaka kwenye mwamba unaoshika mtandao akampigia Mikaeli. Hakugombana. Alimbembeleza, yeye ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu kwa ajili ya mpira.

"Mzee wangu Mloka," alisema Mikaeli, na safari hii hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "kijana ni mzuri, nakubali. Lakini mfumo haumtaki. Wewe ulikuwa na mfumo wako uliomtaka yeye. Sasa nimwambie nini kocha wa watu?"

Rehani alikata simu. Hapo ndipo ilipomwingia akilini kwamba kijana alichezeshwa na mfumo, na mfumo ulikuwa ni yeye, na yeye ndiye aliyeondoka ili kijana acheze. Alikaa juu ya mwamba ule mpaka wakamtafuta.

Dirisha dogo la usajili lilipofungwa, mvua zikiwa zinakaribia, Halidi alipanda mlima na begi moja. Bibi Semeni ndiye aliyemwona kwanza, akapiga vigelegele. Mwaisha alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

Halidi alikuja mpaka barazani akainama. "Shikamoo, mjomba."

Miaka yote Rehani alikuwa amemkataza neno hilo. Siku hiyo angetoa chochote asikie lile lingine.

"Marahaba. Umekuja kututembelea?"

"Wameniacha. Sikuja kulalamika. Mimi ni mtoto wa dada yako, nimekuja kuomba shamba."

"Shamba la nini? Mtu mwenye mguu kama huo! Nina watu Dodoma, nina watu Iringa. Ngoja nipande hapo juu niwapigie."

"Nilishawapigia," alisema Halidi. "Wote wananiuliza neno moja. Kama mjomba wako mwenyewe, aliyekufundisha, alikuacha akaenda zake, kwani alikuona una nini?"

Hakulisema kwa ukali. Mwaisha aliuweka mwiko chini, akakaa palepale kizingitini, akajifunika uso kwa khanga. Rehani alifungua mdomo. Ukweli ulikuwepo, mzima, angeweza kuutoa sasa hivi. Lakini ungemsaidia nini kijana, kujua kwamba mjomba wake aliiacha timu kwa ajili yake, na kwamba haikufaa kitu? Angeubeba mzigo huo maisha yake yote, juu ya ule alio nao. Akaufunga mdomo.

"Mloka, mbona unamweka mtoto?" aliuliza Bibi Semeni, amejaa furaha. "Mpe jembe, mwonyeshe."

Na hapo hakukuwa na la kujadili. Mtoto wa dada akiomba ardhi ya ukoo, Mloka hawezi kumnyima. Jina lipo kwa kazi hiyo. Rehani alichukua panga, akatangulia, na Halidi akafuata na jembe begani. Wakapita chini ya michungwa. Chungwa bichi lilikuwa limelala katikati ya njia, zuri, la kupigwa. Halidi aliliruka.

"Viatu vyako viko wapi?" aliuliza Rehani bila kugeuka.

"Nimewagawia vijana wa timu ya pili. Huku vya nini?"

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, limeota nyasi tangu enzi za marehemu. Rehani alimwonyesha mpaka kwa panga, kutoka mkarafuu mpaka kwenye korongo. Alijaribu kusema udongo ni mzuri. Halidi alitema mate viganjani, akashika jembe, akamgeukia kama alivyokuwa akimgeukia kila jioni kabla ya mazoezi, akingoja kuambiwa.

"Nianzie upande gani, mjomba?"

Rehani alitazama mteremko, akatazama miguu ya kijana, na hakupata neno jingine.

"Anza kushoto," alisema.