Boriti za Jikoni

Faki alipoanza kukataa hata uji, Mwanamkasi alijua kwamba sasa ni kungoja tu. Alimwita shemeji yake Mwinyihaji, mdogo wa Faki, akamkalisha uani, mbali na dirisha la mgonjwa, akamwambia jambo alilokuwa nalo moyoni tangu mwezi wa Rajabu.

"Shemeji, siku ikifika, viunza vitoke hapa." Akainua kidole kwenye paa la jiko.

Mwinyihaji akatazama juu. Jiko lilikuwa kibanda cha makuti, na boriti zake za mkoko zilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa miaka.

"Hizi?"

"Hizi. Alizikata Faki mwenyewe tulipooana, kabla ya mafuta. Ni mkoko ule ule wa viunza vya kale, na mchwa hawazitaki. Utabomoa, utazipima, utazikata."

"Na wewe utapika wapi?"

"Mwenye eda hupikiwa. Hujui?"

Mwinyihaji akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka. "Mungu atamponya, shemeji. Hatutazihitaji."

"Sikukuuliza habari ya kupona. Nimekuuliza, umekubali?"

"Nimekubali."

Hapakuwa na mtu Mtongwe asiyejua kwa nini mke anahangaikia viunza na mume yungali hai. Mwaka ule wa mafuta, maji kujaa yalileta uchafu mzito, mweusi, kutoka upande wa bandarini. Nani aliyeumwaga, hakuna aliyekiri. Ulishika kwenye mizizi ya mikoko kama lami, na mvua mbili zilipopita, mikoko yote ya mbele ilikuwa imekufa wima. Kaa wakatoweka, kamba wakatoweka. Kisha maji, kwa kuwa hayakuwa tena na cha kuyazuia, yakaanza kula ukingo wa pwani, na makaburi ya mtaa yako ukingoni.

Asubuhi moja watu waliona viunza vya kaburi la kale vimechomoza kwenye udongo kama mbavu. Kiunza ni mti au ubao unaofunika mwanandani, lile shimo dogo alazwamo maiti, ili mchanga usimwangukie. Vile vya kale vilikuwa vya mkoko, na bado vilikuwa vigumu. Mifupa ilizikwa upya siku hiyo hiyo. Wanaume waliokuwa wakiwacheka wanawake kwa kupanda miti kwenye matope wakakaa msikitini na kukubaliana: mikoko iliyobaki kule ndani ya ghuba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa mbegu, isiguswe mpaka ile iliyopandwa iwe mikubwa. Isikatwe kwa nyumba, wala kwa kuni, wala kwa kaburi.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito, na Mwanamkasi ndiye aliyelishikilia. Yeye na wenzake waliokota mbegu chini ya mikoko ile, ndefu kama vidole, wakazipanda maji yakitoka, tope mpaka magotini. Nyingi zilikufa. Walirudia. Alijua kila kipande cha pwani, wapi mche umeshika na wapi umeliwa na kaa wachache waliorudi.

Mwaka wa kwanza wa makubaliano akafa mtoto wa Mwanatabu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza amalize juzuu. Wajomba wa mtoto walikwenda ghubani na mapanga. Walimkuta Mwanamkasi amesimama majini.

"Huu ni mti mmoja tu, mama," walimwambia.

"Na kesho utakuwa mmoja wa mwingine."

Walirudi. Mtoto akafunikwa kwa mbao za makasha ya bandarini. Masika ilipokuja, mbao zile zikalainika na kaburi likadidimia. Mwanatabu tangu siku hiyo hakuja tena kuomba kaa la moto, na chumvi ilipomwishia alikwenda kuazima nyumba ya tatu.

Faki alikufa Ijumaa kabla ya adhuhuri. Mwanamkasi aliwasikia wanaume wakiitana, akasikia majembe, kisha jeneza likatoka mlangoni na sauti za dhikri zikazidi kuwa ndogo. Wanawake hawaendi makaburini. Alikaa juu ya mkeka, amevaa nguo za eda, akawa anafuata mazishi kwa kichwa: sasa wamefika, sasa wanamshusha, sasa wanapanga boriti.

Siku ya hitima wageni walikuwa wengi. Jioni, walipoondoka, alitoka uani kunawa mikono. Aliinua macho.

Boriti za jikoni zilikuwa juu, zote. Hata utando wa buibui ulikuwa pale pale pembeni.

Alimwita Mwinyihaji. Kwa kuwa yeye ni mwenye eda na Mwinyihaji si maharimu wake, walisemezana pazia likiwa kati.

"Umemfunika ndugu yako na nini?"

"Shemeji, dunia yote ilikuwapo. Watu wametoka Likoni, wametoka Kwale. Nimlaze ndugu yangu kwenye masizi ya jikoni? Wangesema nini?"

"Umekata ghubani."

"Mmoja tu. Mkubwa. Ulitosha viunza vyote." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Wallahi nilikata kwa heshima."

Hakumtukana. Alikuwa akimjua, hakuna aliyempenda Faki kuliko yule. Ndiyo maana alishindwa hata kukasirika sawasawa.

"Walikuona?"

"Walinisaidia kubeba," alisema Mwinyihaji.

Juma lililofuata alikufa mzee mmoja wa upande wa juu, na wenyewe hawakuuliza mtu. Mwanamkasi alikuwa kitandani aliposikia panga kwa mbali, ko, ko, kisha kimya, kisha mti ukianguka kwenye maji. Akamtuma dada yake kwa mwalimu wa msikiti. Jibu lililorudi halikuwa na ukali. Mwalimu alisema makubaliano yalikuwa ya watu wote, na nyumba iliyoyashikilia ndiyo iliyoyafungua. Sasa yeye amzuie nani, kwa uso upi?

Baada ya makaburi zikaja nyumba. Mtu alitaka boriti mbili za kuegemeza ukuta. Mwingine alitaka za kibanda cha mbuzi. Kila mmoja alikuwa na neno lile lile mdomoni, na Mwanamkasi alilisikia likipita njiani chini ya dirisha lake: "Hata Faki kafunikwa kwa mkoko." Kisha akaja mfanyabiashara kutoka Changamwe na lori, na mapanga hayakuwa tena ya mtu mmoja mmoja.

"Nitatoka," alimwambia dada yake. "Nitasimama pale pale nilipokuwa nikisimama."

"Na eda?"

"Nitajifunika gubigubi."

"Watu hawatatazama mikoko, Mwanamkasi. Watakutazama wewe. Watasema huyu hata marehemu mumewe hakumstahi. Nani atakusikiliza tena baada ya hapo?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu mkononi. Alifikiri muda mrefu, kama alivyozoea kufikiri kila jambo, akiligeuza huku na huku. Dada yake alikuwa akisema kweli. Na yeye pia alikuwa na kweli yake, kwamba mti ukishakatwa hauulizi nani alistahiwa. Mwisho akaviweka viatu chini ya kitanda. Baadaye hakuweza kusema kama ilikuwa dini iliyomrudisha, au kumpenda Faki, au woga wa maneno ya watu tu.

Miezi minne na siku kumi zilikwisha. Alikoga, akavaa kanga nyingine, na alipofungua mlango alimkuta Mwanatabu amesimama nje.

"Nimesikia leo watoka," alisema Mwanatabu. "Nitakwenda nawe."

Walishuka hadi ghubani. Maji yalikuwa yametoka. Ghuba ilikuwa wazi mpaka ng'ambo, tope tupu lenye visiki vifupi, na kati ya visiki alama za miguu na njia pana iliyokokotwa magogo. Miche aliyoipanda upande wa mbele ilikuwa imesimama huku na huku, myembamba kama fimbo za kuchungia. Iliyo katikati ilikuwa imekanyagwa. Ulikuwa msimu wa mbegu. Mwanamkasi aliinama, akatembea hivyo hivyo ameinama kutoka kisiki hadi kisiki, akipekua tope kwa vidole. Hakupata hata moja.

Ukingoni, chini ya makaburi, udongo mbichi ulikuwa umemomonyoka upya.

"Wewe nawe ulikata?" aliuliza, bado ameinama.

"Sikukata hata ufito," alisema Mwanatabu. "Lakini sikumzuia mtu. Nilikuwa nasikia mapanga kama ulivyokuwa ukisikia wewe. Nilikuwa najiambia, na asikie."

Mwanamkasi akainuka. Alitaka kusema kwamba yule mtoto hakustahili zile mbao, lakini alikuwa ameshachelewa kwa miaka kulisema. Alisema, "Kaburi lake lilididimia."

"Ndiyo. Nililetewa habari. Hata kuliona sikuweza."

Walirudi jua likiwa limepanda. Mwanamkasi hakuingia ndani. Alileta kigoda, akapanda, akaanza kukata kamba za paa la jiko kwa kisu cha samaki. Makuti yakamwangukia, masizi yakamjaa machoni. Mwanatabu alimtazama kidogo, kisha akajitanda vizuri kanga yake na kupokea boriti ya kwanza. Walizilaza ukutani, moja baada ya nyingine, mpaka jiko likabaki nguzo na anga.

"Hizi ni zangu," alisema Mwanamkasi, akijipangusa uso. "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha. Kisha ukae mlangoni, uwatazame mpaka wazitoe. Mwinyihaji usimwamini, ana heshima nyingi mno."

Mwanatabu alicheka, cheko fupi, kavu. Akaipapasa boriti ya juu kwa kiganja, akaupima urefu wake kwa macho.

"Na mimi je?"

Mwanamkasi akaziangalia. "Zikikatwa vizuri," alisema, "zatosha wawili."